Msitu wa kijiji si mbao tu: namna ya kuupima, kuugawa na kuutunza

Mnunuzi wa magogo hufika kijijini mapema kuliko mpango wa msitu. Anakuja na pikipiki, simu mbili na haraka nyingi. Anamtafuta mwenyekiti, anataja bei ya mti mmoja wa mpingo au mninga, na bei hiyo inasikika kubwa kwa sababu kijiji hakijawahi kukaa kikaitafuta bei yake chenyewe. Wiki mbili baadaye lori limeshaondoka.

Nimefanya kazi na kamati za maliasili za vijiji vya kusini kwa miaka mingi, na misitu niliyoiona ikiharibika haikuharibika kwa sababu watu hawakujua thamani yake. Waliijua sana, ila kila mmoja aliijua kwa upande wake. Mchoma mkaa aliona tanuri, mfugaji akaona malisho, mkulima wa ufuta akaona shamba jipya lenye rutuba, na halmashauri ya kijiji ikaona mapato ya haraka. Hakuna siku waliyokaa pamoja wakakubaliana nani achukue nini, wapi, na kwa kiasi gani.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kikao hicho na kazi zinazokifuata. Nimeuandika kwa kufuata misitu ya miombo ya Tanzania bara, yaani misitu ya ukanda mkavu ambayo miti yake mingi hupukutisha majani kiangazi, hasa Lindi, Ruvuma na Morogoro, maana ndiyo niliyoitembea kwa miguu.

Sheria imewapa nini

Hadi miaka ya 1990 mwanzoni, fikra iliyotawala ilikuwa kwamba msitu ukiwa wa maana ni lazima uwe wa serikali. Duru-Haitemba, wilayani Babati, ndipo mambo yalipogeuka. Serikali ilikusudia kuutangaza msitu ule kuwa hifadhi yake, wananchi wa vijiji vinavyouzunguka wakakataa, na katikati ya miaka ya 1990 wakaachiwa waulinde wenyewe kwa sheria zao ndogo. Mgori, mkoani Singida, ikafuata. Miti ikarudi, na walinzi walikuwa watu wale wale waliokuwa wakiitwa waharibifu.

Uzoefu huo uliingia katika Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998, kisha katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Kwa ufupi, kijiji chenye msitu ndani ya ardhi yake kinaweza kuutangaza kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kikausimamia kupitia kamati yake, kikatunga sheria ndogo, kikatoza faini na kuuza mazao yake. Vijiji vinaweza pia kuungana. SULEDO ya Kiteto, ambayo jina lake limetokana na Sunya, Lengatei na Dongo, iliunganisha vijiji kadhaa kulinda msitu mmoja mkubwa, na mwaka 2002 ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kuna jambo moja linalochanganywa kila siku. Usimamizi wa pamoja, ambapo kijiji kinashirikiana na serikali kulinda hifadhi ya serikali, ni kitu kingine. Huko msitu si wenu. Mnagawana kazi na sehemu ya faida kwa mkataba. Ninayoyaeleza hapa ni ya msitu ulio wenu. Kabla ya kuanza, hakikisheni mko upande upi, maana nimekuta kamati iliyolinda msitu miaka mitano ikidhani ni wa kijiji, kumbe mpaka wa hifadhi ya serikali ulipita katikati yake.

Hatua ya kwanza: waiteni wote wanaoutumia, kabla ya ramani

Watu wengi huanza na ramani. Anzeni na watu.

Zungukeni kila kitongoji, fanyeni kikao cha wanawake peke yao, cha vijana peke yao, cha wafugaji, cha warina asali, cha waganga na wazee wa tambiko. Ulizeni swali moja tu: “Mwezi uliopita umeingia msituni kuchukua nini, na wapi?” Msiulize faida za msitu kwa ujumla. Mkiuliza hivyo mtapewa jibu la darasani: mvua na hewa safi. Mkiuliza la mwezi uliopita, mtapata majibu ya kweli.

Katika kijiji kimoja tulikwishachora eneo la uvunaji wa mbao, kamati imeridhika, afisa misitu ameridhika. Jioni mama mmoja akaiangalia ile ramani ya chini tuliyoichora kwa majivu na mawe, akaweka kidole mahali tulipoandika “uvunaji” akasema, “Hapa ndipo tunapochimba ming'oko.” Wenzake wakaitikia. Kwa asiyejua, ming'oko ni viazi pori vinavyolisha nyumba nyingi za Lindi na Mtwara miezi ile ghala linapokwisha. Kamati ilikuwa ya wanaume tu, na hakuna aliyelitaja. Tulilichora eneo upya usiku ule ule, na tangu siku hiyo siketi kuchora ramani yoyote kabla ya kikao cha akina mama.

Andikeni kila kitu kwenye daftari: kuni, fito za kujengea, mianzi, kamba za magome, ukindu wa mikeka, uyoga wa masika, matunda, dawa, asali, mkaa, mbao, malisho, maji ya kunywa, maji ya kunyweshea mifugo, makaburi, miti ya tambiko. Kando ya kila kimoja andikeni ni nani, ni wapi, ni miezi gani. Mtaona kwamba watu wengi wanapita msitu ule ule bila kugongana kwa sababu wanaingia miezi tofauti. Mgongano uko sehemu chache, na sasa mmezijua.

Msiwasahau waliokuja juzi. Mikoa ya kusini ilipokea wafugaji wengi baada ya operesheni ya kuwaondoa katika mabonde ya Usangu na Ihefu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na kuendelea. Wengine wana watoto waliozaliwa hapo hapo kijijini. Kikao kinachowaacha nje kinatunga sheria ambayo haitafuatwa na watu wenye ng'ombe mia.

Hatua ya pili: mpaka utembelewe, usichorwe mezani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpaka wa nje wa kijiji huja kwanza, kabla ya mpaka wa msitu. Tafuteni kama kijiji kina ramani iliyopimwa na cheti cha ardhi ya kijiji. Kama kijiji chenu kimegawanywa kutoka kijiji mama, cheti cha zamani huenda kinaonyesha mipaka isiyokuwapo tena. Hilo limalizwe wilayani kabla hamjaweka hata jiwe moja.

Siku ya kutembea mpaka, wawepo wazee wawili au watatu wa kila upande, pamoja na halmashauri ya kijiji jirani. Si wawakilishi wa simu; wawepo kwa miguu yao. Kila mnapofika alama, mzee wa huku aseme jina la mahali, mzee wa kule aseme lake, na mwandishi aandike yote mawili. Nakumbuka tulisimama kwenye korongo kavu asubuhi nzima. Mzee wa kwanza alisema mpaka ni mto. Wa pili alikubali kwamba ni mto, lakini akasema mto ulihama mwaka wa mafuriko, na mpaka ni pale ulipokuwa. Akatuongoza hatua kama mia mbili ndani ya vichaka mpaka kwenye mbuyu wenye kovu kubwa la shoka, kovu lililokwisha kufunga. Yule wa kwanza alipouona alinyamaza, kisha akasema, “Nilikuwepo ulipokatwa.” Pakaandikwa mbuyu. Mto ukaachwa.

Chukueni namba za GPS za kila alama. Simu ya kawaida inatosha kwa rasimu, lakini ramani ya kupeleka wilayani ipimwe na mtaalamu wa ardhi wa halmashauri. Mkimaliza, andikeni muhtasari wa makubaliano ya mpaka usainiwe na vijiji vyote viwili, na nakala zibaki pande zote mbili. Kisha fyekeni mkuza, yaani njia wazi inayofuata mpaka, pakeni rangi kwenye miti ya mpakani, na wekeni mabango penye njia. Bango likiandikwa “Msitu wa Hifadhi wa Kijiji” kwenye njia ambayo watu hawapiti, ni bati lililopotea bure.

Hatua ya tatu: mpango wa matumizi bora ya ardhi

Msitu hauwezi kusimama peke yake. Familia ya mkulima ikiongezeka na hakuna ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, shamba litaingia msituni hata muweke walinzi ishirini. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inakiruhusu kijiji kutenga maeneo ya makazi, kilimo, malisho, vyanzo vya maji na msitu. Ombeni timu ya wilaya ije iwasaidie. Kazi hii ina gharama, na ndiyo inayokwamisha vijiji vingi, kwa hiyo ulizeni kama kuna mradi unaofanya kazi hiyo wilayani na mjiunge.

Angalizo moja tu: tengeni ardhi ya kilimo ya kutosha kwa watoto waliopo sasa shuleni. Kusini, ufuta umefyeka msitu mwingi kwa kuwa unapenda udongo mpya na bei yake huwa nzuri. Msitu mkubwa kwenye karatasi, uliozungukwa na watu wasio na pa kulima, utakuwa mdogo kila msimu.

Hatua ya nne: kamati ya maliasili

Kamati huchaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji, na huwajibika kwa halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wasiwe wajumbe wake, maana hao ndio watakaoikagua. Kila kitongoji kiwe na mtu wake. Wanawake wasipungue theluthi, na mmoja wao awe mweka hazina. Nimeona mara nyingi kwamba vitabu vya mama mwenye duka dogo vinafungwa vizuri kuliko vya mtu mwenye cheti.

Chagueni angalau mrina asali mmoja na angalau mtu mmoja ambaye zamani alikuwa akikata miti bila kibali. Wapo watakaoshangaa. Lakini mtu huyo anajua njia zote za magogo, anajua visiki viko wapi, na anajua saa ambayo pikipiki hupita.

Hatua ya tano: kuhesabu kilichopo

Bila hesabu hamna mpango, mna matumaini. Hamhitaji kuhesabu kila mti. Mnahesabu vipande vichache vilivyosambazwa vizuri, kisha mnakadiria.

Chukueni kamba isiyovutika ya mita 15. Mtu mmoja asimame katikati na ncha ya kamba, mwingine azunguke na ncha ya pili. Kila mti mnene ulio ndani ya duara hilo unapimwa. Duara la nusu kipenyo cha mita 15 lina eneo la karibu mita za mraba 707, yaani hekta 0.0707. Timu nzuri ina watu wanne: mshika kamba, mpimaji, mwandishi, na mzee anayezijua miti kwa majina. Huyo wa nne ndiye wa thamani kuliko wote. Mweke kwenye kivuli akichoka, msimwache nyumbani.

Unene hupimwa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Kateni fimbo yenye urefu huo na muibebe, msikadirie, kwa sababu vifua vya watu havilingani. Mti ukiwa kwenye mteremko, simamisheni fimbo upande wa juu. Zungusheni futi ya fundi cherehani, someni mzingo, kisha gawanyeni kwa 3.14 mpate kipenyo. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha sentimita 30. Andikeni aina, kipenyo, na kama shina limenyooka au lina shimo. Hesabuni na miche, na hesabuni visiki: kisiki kibichi kinawaambia mambo ambayo hakuna mtu atakayewaambia kikaoni.

Maduara yasichaguliwe kwa macho. Mkichagua, mtasimama palipo na miti mizuri, na hesabu itawadanganya. Chora mistari sambamba kwenye ramani, weka duara kila baada ya umbali uleule, mkatembee hata kama duara linaangukia kwenye kichaka cha miiba.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme mmepima maduara 60 katika eneo la hekta 1,000, na ndani yake mmekuta mipingo 6 iliyofikia kipimo cha kuvunwa kwa mujibu wa kanuni. Maduara 60 ni hekta 4.24. Mipingo 6 kugawanya kwa 4.24 ni 1.4 kwa hekta, kwa hiyo eneo zima lina kadiri ya mipingo 1,400. Inasikika mingi. Lakini mpingo huchukua kati ya miaka 70 na 100 kukua tangu mche mpaka mti wa mbao, na mingi iliyofikia unene ina kiini kilichooza au shina lililopinda. Mkiamua kwamba akiba hiyo iwatumikie miaka 40, ni miti 35 kwa mwaka, na bado mtoe ile mibovu na ile ya kuachwa kwa mbegu. Mnunuzi anayetaka 200 mwaka huu sasa mnaweza kumjibu kwa kalamu.

Hatua ya sita: kuugawa msitu

Hapa daftari la hatua ya kwanza na hesabu ya hatua ya tano vinakutana. Tandikeni ramani kubwa chini, kila kundi lije na daftari lake.

Maji yawe ya kwanza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Mimi hushauri kijiji kiongeze, hasa kwenye chemchemi zinazolisha visima vya kiangazi. Eneo hilo halivunwi, halilimwi, halichungwi. Kisha makaburi na sehemu za tambiko. Hizi mara nyingi ndizo zenye miti mikubwa kuliko yote, na hazihitaji walinzi wengi, kwani heshima yake ilikuwepo kabla ya kamati.

Asali inakaa vizuri pamoja na karibu kila kitu kingine, na ndiyo maana napenda iwepo kila eneo lisilo na njia za watu wengi. Mwenye mizinga ishirini msituni ni mlinzi asiyelipwa. Ila wekeni sharti: mizinga ya magome ipigwe marufuku. Gome likibanduliwa kuzunguka shina, mti unakufa. Mizinga ya mbao au ya gogo la mti uliokwishaanguka inatosha.

Mkaa ndio unaozua ubishi mkubwa. Kuna vijiji vinavyoandika “mkaa ni marufuku” halafu magunia yanapita usiku. Kilosa walijaribu njia nyingine kuanzia mwaka 2012, katika mradi uliowashirikisha Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa vijiji wa MJUMITA. Walitenga sehemu ndogo ya msitu kwa ajili ya mkaa, wakaigawa vipande vya mita 50 kwa 50, wakavuna kimoja na kuruka kinachofuata, kama ubao wa drafti. Mzunguko ni miaka 24 kabla ya kurudi kipande kile kile. Visiki vinaachwa vichipue, kwa sababu miombo huchipua vizuri kutoka kwenye kisiki na mizizi kuliko kutoka kwenye mbegu. Miti ya mbao haichomwi, na hakuna kipande kinachowekwa kando ya maji. Sharti la siri ya mafanikio yake ni dogo tu: kipande kilichovunwa kisilimwe na kisichungwe wakati machipukizi yakiwa machanga. Kikilimwa, huo si mkaa endelevu tena; ni shamba.

Malisho yapewe majina ya miezi. Mfugaji akiambiwa “usiingie” ataingia. Akiambiwa “kuanzia mvua zinapokata hadi Oktoba, upande wa magharibi wa barabara, na njia ya kwenda mtoni ni hii hapa yenye mawe meupe”, na akawa amekaa kwenye kikao kilichokubali hayo, wengi wao hufuata.

Eneo la mbao liwe la mwisho kuchorwa, katika nafasi iliyobaki. Najua mapato ndiyo yaliyowaleta wengine kikaoni. Lakini mbao ndizo zenye uwezo wa kusubiri; maji na ming'oko haviwezi.

Hatua ya saba: sheria ndogo

Sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya kijiji, hupitishwa na mkutano mkuu, hupelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata kwa maoni, kisha baraza la madiwani huidhinisha. Bila mhuri wa wilaya, faini yenu inaweza kupingwa mahakamani na mkashindwa. Ziwe fupi. Ziseme yanayoruhusiwa bure, yanayohitaji kibali, na yaliyokatazwa kabisa. Kuni kavu za kichwani, uyoga na dawa kwa matumizi ya nyumbani viwe bure na viandikwe hivyo wazi, ili mgambo mwenye tamaa asije kuwasumbua akina mama njiani.

Hatua ya nane: moto

Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa kavu kabisa, huua miche na kuunguza mashina mpaka mbao inaoza ndani. Huwezi kuuzuia wote. Unachoweza ni kuutangulia.

Uchomaji wa mapema hufanywa mvua zikishakata, kusini mara nyingi Mei hadi Juni, nyasi zikiwa zimeanza kukauka juu lakini chini bado mbichi. Choma jioni, upepo ukiwa umetulia, umande unaanza kushuka. Moto mzuri wa mapema unatembea polepole, unafika magotini, unaacha mabaka ambayo hayakuungua, na unazimika wenyewe usiku. Ukiona unapita kichwa cha mtu, umechelewa. Zimeni, mrudi mwakani. Wajulisheni kwa maandishi afisa misitu na vijiji jirani, na wenye mizinga wapewe siku tatu za kufyeka chini ya mizinga yao.

Hatua ya tisa: kuuza bila kuibiwa

Baadhi ya vijiji vya Kilwa viliingia katika cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unasimamiwa vizuri, mwaka 2009 kupitia shirika la kuhifadhi mpingo lililoko huko, na mpingo wao ukaanza kuuzwa kama mti unaojulikana ulikotoka, kwa ajili ya klarineti na vyombo vingine vya muziki. Cheti si lazima. Lakini nidhamu waliyofuata inawezekana kijiji chochote: mti huwekewa alama kabla haujakatwa, hupimwa ukiwa chini, na fedha huingia benki kabla gogo halijapakiwa.

Kanuni za uvunaji na biashara ya mazao ya misitu zimebadilishwa mara kadhaa, ikiwamo mwaka 2019, kwa hiyo kila msimu nendeni kwa afisa misitu wa wilaya na ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) muulize utaratibu unaotumika sasa wa leseni, nyundo ya kugongea magogo na hati ya kusafirishia. Gogo la halali lisilo na hati linakamatwa getini sawa na la wizi. Bei ya jedwali la serikali iwe mwanzo wa mazungumzo. Itisheni wanunuzi angalau watatu, wapewe sharti moja na siku moja.

Jifunzeni kupima gogo wenyewe. Chukua kipenyo cha katikati ya gogo kwa mita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, kisha kwa urefu. Gogo la sentimita 40 katikati na urefu wa mita 3 ni 0.4 mara 0.4 mara 0.785 mara 3, yaani mita za ujazo 0.377. Mnunuzi akipimia upande mwembamba, wenye sentimita 36, hesabu inashuka hadi 0.305. Sentimita nne tu, na kijiji kimepoteza karibu moja ya tano ya gogo. Niliwahi kusimama kwenye lundo la magogo kumi na manane nikimwangalia kijana wa kamati, darasa la saba, akimwambia mnunuzi kwa adabu, “Kaka, tupimie katikati.” Walipima upya yote.

Hatua ya kumi: fedha

Gawanyeni mapato kabla hayajaja, kwa uamuzi wa mkutano mkuu: sehemu ya kutunza msitu (doria, rangi, mafuta, posho), sehemu ya miradi ya kijiji, na akiba. Kama halmashauri ya wilaya inaomba sehemu kwa huduma zake za ugani, iandikwe kwenye makubaliano, kwa kiasi kinachojulikana. Posho za doria zilipwe kwa wakati. Mlinzi anayedai miezi minne ni mlinzi anayetafutwa na mnunuzi.

Kila miezi mitatu, mweka hazina asome kitabu mbele ya mkutano mkuu, kwa sauti: tarehe, mnunuzi, idadi ya magogo, ujazo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Nakala ibandikwe kwenye ubao. Kuna kijiji kilichokuwa na kamati nzuri sana. Miaka miwili walilinda usiku na mchana. Lakini hesabu hazikusomwa hata mara moja, kwa sababu mtendaji wa wakati ule alisema ni mambo ya ofisini. Mwaka wa tatu wakata mbao waliingia, kengele ikapigwa, na watu wakabaki barazani. Mzee mmoja akaniuliza, “Tukalinde mali ya nani?” Fedha hazikuwa zimeibwa. Tulipofungua vitabu zilikuwepo zote. Ila hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Mpango huu ukaguliwe upya kila baada ya miaka mitano: rudini kwenye maduara yale yale, na kamba ile ile ya mita 15, mpime tena. Na kila mwaka, mvua zikishakata na kabla ya uchomaji wa mapema, kamati itembee mpaka wote ikiwa na ndoo ya rangi nyekundu, kwa kuwa gome likikua hufuta alama. Mbuyu wenye kovu tuliupaka mara ya mwisho Mei, na wajukuu wa wale wazee wawili ndio walioshika brashi.